Paka namba 400 na daktari wa kiwanda

Mei 1, 2024, wagonjwa wa sumu ya zebaki na jamaa za marehemu wa Minamata, mji wa pwani katika mkoa wa Kumamoto kusini mwa Japani, walikutana na Waziri wa Mazingira. Kila msemaji alipewa dakika 3. Mzee mmoja alikuwa bado anasimulia jinsi mkewe alivyofariki pale maofisa wa wizara walipokizima kipaza sauti chake. Wiki moja baadaye Waziri Ito Shintaro alirudi Minamata kuomba radhi.

Julai mwaka huohuo Japani ilitoa noti mpya ya yeni 10,000 yenye sura ya Shibusawa Eiichi, mfanyabiashara aliyeshiriki kuanzisha kampuni zipatazo 500 na kuilea shule ya biashara ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Hitotsubashi. Maisha yake yote alihubiri kwamba faida na maadili havitenganishwi. Anastahili heshima hiyo. Lakini msomaji anayetaka kujua maadili ya biashara ya Kijapani yalijaribiwa wapi, na wasomi wa nchi hiyo walisimama upande gani, nitampeleka Minamata.

Kampuni ya Chisso ilijenga kiwanda hapo mwaka 1908, na kwa miaka mingi mji mzima ukala kwa mkono wake. Mhandisi aliyeongoza utengenezaji wa asetaldehidi kiwandani, Hashimoto Hikoshichi, baadaye alichaguliwa kuwa meya. Kemikali hiyo ilianza kutengenezwa mwaka 1932 kwa kutumia zebaki kama kichocheo, na maji taka yakamwagwa ghubani. Humo zebaki ikaingia kwa samaki na chaza, na kutoka kwao ikaingia kwa wavuvi, watoto wao na paka wao.

Paka ndio waliotangulia. Walipepesuka, wakazunguka kama wamepagawa, wengine wakatumbukia baharini. Aprili 1956 mtoto wa kike wa miaka 5 alifikishwa hospitali ya kiwanda akiwa hawezi kutembea sawasawa wala kuzungumza vizuri. Mdogo wake akafuata. Mei 1 mkuu wa hospitali hiyo, Dkt. Hosokawa Hajime, alitoa taarifa kwa ofisi ya afya kwamba kuna ugonjwa wa mfumo wa fahamu usiojulikana. Tarehe hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa ya ugunduzi rasmi wa ugonjwa wa Minamata.

Kwanza kabisa tuwatendee haki wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Kumamoto. Chuo hicho cha mkoani hakikuwa na sauti kubwa Tokyo, na kampuni haikuwasaidia kujua kilichokuwa kinatumika ndani ya kiwanda. Hata hivyo, kufikia Julai 1959 walitangaza kwamba kinachoua watu ni zebaki ya kikaboni. Jibu la upande wa pili lilikuja likiwa limevaa joho la usomi vilevile. Chama cha viwanda vya kemikali kilidai huenda ni mabomu yaliyotupwa baharini mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia. Profesa Kiyoura Raisaku wa Taasisi ya Teknolojia ya Tokyo akaleta nadharia yake, kwamba ni kemikali zenye sumu ziitwazo amini, si zebaki. Chama kilekile cha viwanda vya kemikali kikaunda kamati ya maprofesa wenye majina makubwa, na utafiti wao ukazidi kulitia ukungu jambo lililokuwa limeanza kuonekana.

Hapo ndipo lilipo kosa la vyuo. Wasomi wana haki ya kubishana, na sayansi haiendi bila ubishi. Ila hapa ubishi ulinunua muda, na muda huo ulilipiwa na watu waliokuwa wakiendelea kula samaki.

Wakati maprofesa wakibishana, jibu lilikuwa tayari ndani ya uzio wa kiwanda. Dkt. Hosokawa alikuwa akifanya majaribio kwa paka. Mmoja wao, aliyeandikwa namba 400, alilishwa chakula kilichochanganywa na maji taka ya mtambo wa asetaldehidi. Mwanzoni mwa Oktoba 1959 akaanza kutetemeka, akapata kifafa na kukimbia ovyo. Daktari akawapelekea wakubwa wake habari hiyo. Akaamriwa asiendelee, na matokeo yakafungiwa kabatini.

Soma tarehe inayofuata kwa makini: Desemba 30, 1959, miezi isiyotimia mitatu baadaye. Chisso ilitiliana saini na wagonjwa mkataba wa mkono wa pole. Mtu mzima angepata yeni 100,000 kwa mwaka, mtoto yeni 30,000, na familia ya marehemu yeni 300,000 pamoja na gharama za mazishi. Ndani yake kulikuwa na kifungu kwamba hata ikija kuthibitika kuwa kiwanda ndicho chanzo, wagonjwa hawatadai zaidi. Upande mmoja wa meza walikaa watu wenye njaa na wagonjwa ndani, wasiojua kitu kuhusu paka yule. Upande wa pili ulikuwa unajua. Mwezi huohuo kiwanda kilizindua kwa sherehe mtambo wa kusafisha maji, ambao haukutengenezwa kwa ajili ya kuondoa zebaki hiyo.

Sumu iliendelea kumwagwa. Mwaka 1965 ugonjwa uleule ukaibuka Niigata, kando ya mto Agano, safari hii kutoka kiwanda cha kampuni ya Showa Denko. Chisso iliacha kutengeneza asetaldehidi kwa zebaki Mei 1968, teknolojia yenyewe ikiwa imeshapitwa na wakati. Miezi minne tu baadaye, Septemba 26, serikali ikatamka rasmi kuwa kampuni hiyo ndiyo chanzo.

Dkt. Hosokawa alinyamaza miaka mingi. Siwezi kumsafisha kwa hilo. Lakini mwaka 1970, akiwa amelazwa kwa saratani, alitoa ushahidi kitandani na kueleza habari za paka namba 400. Akafariki mwaka huohuo. Machi 20, 1973, mahakama ya Kumamoto iliamua kuwa Chisso inawajibika na kuubatilisha mkataba wa 1959 kwa kuwa ulikiuka maadili ya jamii. Ilieleza pia kwamba kiwanda cha kemikali kina wajibu wa kupima usalama wa maji yake kabla ya kuyamwaga. Wagonjwa waliotambuliwa rasmi nchini Japani ni takriban 3,000, na maelfu wengine wamepigania kutambuliwa hadi karne hii.

Na wale wasomi waliosimama na wagonjwa walilipwa nini? Ui Jun, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Tokyo aliyeyafuatilia majaribio ya Hosokawa, alianzisha mwaka 1970 mihadhara ya jioni kuhusu uchafuzi, milango wazi kwa raia yeyote. Alibaki na cheo cha msaidizi hapo chuoni kwa miaka 21. Harada Masazumi wa Kumamoto, daktari aliyeonyesha kuwa zebaki humdhuru mtoto akiwa bado tumboni mwa mama, alistaafu chuo hicho bila uprofesa kamili.

Leo kampuni kubwa za Japani hutoa kila mwaka ripoti nene za uwajibikaji kwa jamii. Toshiba ilisifiwa kwa mfumo wake wa usimamizi, kisha mwaka 2015 ikabainika kwamba ilikuza hesabu za faida kwa miaka kadhaa, na wachunguzi wakaandika kwamba wafanyakazi hawakuweza kwenda kinyume na matakwa ya wakubwa. Sheria ya kuwalinda wafichuaji maovu ilianza kutumika mwaka 2006 na ikaongezwa nguvu mwaka 2022. Kwangu mimi sheria hiyo ni kipimo bora kuliko ripoti zote, maana inamgusa mtu aliye mahali pa Hosokawa, mwenye habari mbaya mkononi na bosi mbele yake.

Habari hii ina mguu wake huku kwetu. Miaka ya 1990 Harada na wenzake walikuja Tanzania, wakapima nywele za wachimbaji wa dhahabu, wavuvi na wakazi wa Mwanza kandokando ya Ziwa Victoria. Baadhi ya waliokutwa na zebaki nyingi walikuwa wakitumia sabuni zenye madini hayo. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki unaitwa kwa jina la Minamata, na Tanzania ni mwanachama. Bado wachimbaji wadogo wa Geita wanakamatisha dhahabu kwa zebaki na kuichoma kwenye moto wa wazi.

Vyuo vyetu navyo vinatiliana saini na kampuni za madini, mafuta na kemikali, na fedha hizo zinahitajika. Ombi langu kwa mabaraza ya vyuo ni moja: kila mkataba wa aina hiyo uwe na kifungu kinachosema matokeo ya utafiti yatatangazwa hata yakimuumiza mfadhili, na mkataba wenyewe uwekwe mahali ambapo mwananchi anaweza kuusoma.