Mada ya 17: Chupa ya Wiski Kabatini

Kama unapika, punguza moto kidogo. Kama unanyonyesha, kaa vizuri tuzungumze. Leo tuna mada ambayo huenda ikakushangaza: wiski ya Ayalandi, na watu wanaoionja na kukusanya chupa zake kama wengine wanavyokusanya stempu.

Utauliza, "Hayo yananihusu nini mimi?" Tuseme shemeji yako alikwenda Ayalandi kufanya kazi. Mwezi wa Desemba anarudi likizo na chupa tatu ndani ya maboksi yanayong'aa. Anakueleza kwamba hizi si pombe za kulewa, ni za kuonja na kuweka. Baba watoto anafurahi, anazipanga kwenye kabati la sebuleni, karibu na picha ya harusi. Wageni wakija wanazisifu. Na mtoto wako wa miaka miwili na nusu, ambaye juzi tu amejua kupanda kochi, anazitazama kila siku.

Hiyo ndiyo sababu ya mada yetu. Chang'aa tunaijua, na hakuna mama anayeipanga sebuleni. Lakini chupa nzuri tunaiamini kwa sababu ya uzuri wake. Leo tujifunze kilichomo ndani.

WISKI YA AYALANDI NI NINI?

Neno wiski linatokana na maneno ya Kiayalandi yenye maana ya "maji ya uhai". Hutengenezwa kwa nafaka, hasa shayiri. Shayiri hulowekwa mpaka ichipue, hukaushwa, husagwa, kisha huchanganywa na maji ya moto. Baadaye hutiwa hamira ichachuke. Halafu huchemshwa, na mvuke wake hupozwa ukawa maji tena. Kama umewahi kuona chang'aa ikipikwa, njia ni hiyo hiyo. Tofauti ni usafi, uangalizi wa sheria na subira. Viwanda vingi vya Ayalandi huchemsha mara tatu katika mitungi mikubwa ya shaba. Kisha wiski hutiwa ndani ya mapipa ya mbao. Sheria ya mwaka 1980 inataka ikae humo kwa muda usiopungua miaka 3, ndani ya kisiwa hicho hicho. Rangi yake ya dhahabu hutoka zaidi kwenye mbao hizo. Inapotiwa kwenye chupa, pombe isiwe chini ya asilimia 40.

Ishike namba hiyo, mama. Asilimia 40 maana yake ni kwamba karibu nusu ya kilichomo katika chupa hiyo ni pombe tupu. Bia ya kawaida huwa na asilimia 4 au 5.

Mbona basi watu wanazikusanya? Kuna wakati, katika miaka ya 1970, viwanda vya wiski vilivyobaki kisiwani humo vilikuwa viwili tu: Bushmills upande wa kaskazini, na Midleton katika jimbo la Cork upande wa kusini. Miaka ya karibuni vimefufuka na kupita 40. Kwa hiyo chupa kutoka viwanda vilivyofungwa zamani zimekuwa adimu. Ziko pia zinazotolewa kwa mwaka. Midleton Very Rare, kwa mfano, imekuwa ikitolewa kila mwaka tangu 1984, na mkusanyaji hufurahi kupata ile ya mwaka aliozaliwa mwanawe. Chupa yenyewe husimamishwa wima, kwa kuwa pombe kali huharibu kizibo ikilazwa, na hufichwa mbali na jua na joto.

WANAONJA NAMNA GANI?

Mwonjaji wa kweli hatii glasi ikajaa. Huchukua glasi ndogo yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, akatia kiasi kidogo sana. Huitazama rangi yake. Huinusa polepole akiwa amefungua mdomo kidogo, ili ukali usimchome pua. Hutia matone machache ya maji, kwa sababu maji hulegeza ule ukali na harufu nyingine zikajitokeza: asali, tufaha, mkate uliookwa, karafuu. Ndipo anapoonja, anaigeuza mdomoni, na akiwa na nyingine za kuonja, huitema ndani ya chombo. Anakunywa maji ya kawaida, anaandika katika daftari lake. Hafanyi hivyo akiwa na njaa, wala hashiki usukani baadaye.

Kwa hiyo shemeji yako hakukudanganya. Uonjaji upo, na wenyewe wanauheshimu. Lakini sikiliza hili: heshima hiyo yote iko kwa mtu, haiko ndani ya chupa. Ndani ya chupa ni pombe kali.

Historia ya Ayalandi inatufundisha. Usiku wa tarehe 18 Juni 1875, moto ulizuka katika ghala la wiski mjini Dublin. Mapipa yakapasuka, na wiski ikatiririka barabarani kama mto, ikiwaka. Watu wakatoka na vyombo, wengine wakaichota kwa kofia na viatu, wakanywa. Watu 13 walikufa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekufa kwa kuungua au kwa moshi. Wote waliuawa na wiski waliyokunywa. Haikuwa wiski mbaya. Ilikuwa ile ile nzuri ya kwenye mapipa.

MTOTO NA GLASI YA ASUBUHI

Sasa turudi nyumbani kwako. Wageni wamekuja Jumamosi, chupa moja imefunguliwa, watu wameonja. Usiku umekuwa mwingi, ukasema vyombo nitaosha kesho. Asubuhi ni nani anayeamka wa kwanza? Ni yule mtoto. Anafika sebuleni, anaona glasi zenye maji ya rangi ya chai au juisi ya tufaha. Tumbo lake ni tupu tangu jana jioni.

Vijiko viwili tu vya mezani vya wiski vyaweza kupandisha pombe katika damu ya mtoto wa kilo 12 au 13 kupita kiwango kinachomzuia mtu mzima kuendesha gari. Zaidi ya hayo, mtoto ana akiba ndogo ya sukari mwilini. Akiamka na njaa, ini lake ndilo linalotengeneza sukari ya kumtunza. Pombe hulizuia ini kufanya kazi hiyo. Sukari katika damu inashuka, mtoto analegea, anaweza kupata degedege, kupoteza fahamu na hata kufa. Wazazi wengine hucheka wakimwona akipepesuka. Hapana kitu cha kuchekesha hapo.

Ukishuku kwamba mtoto amekunywa, fanya hivi:

1. Mwondolee kinywaji, na usimtapishe. Anaweza kupaliwa na matapishi yakaingia kwenye mapafu.
2. Kama yuko macho na anameza vizuri, mpe kitu chenye sukari: maji ya sukari, juisi au uji mtamu, kidogo kidogo.
3. Kama anasinzia au amezimia, usimpe chochote mdomoni. Mlaze kwa ubavu na uangalie anavyopumua.
4. Usimpe kahawa, wala usimwogeshe kwa maji baridi. Hayo hayaondoi pombe, na baridi humzidishia hatari.
5. Mpeleke hospitali mara moja, na uende na chupa hiyo. Sema ukweli bila aibu. Daktari hakuhukumu, anataka kujua atibu nini.

Usisubiri dalili. Mtoto anaweza kuonekana mzima, kisha akabadilika baada ya muda mfupi.

MAMA MJAMZITO NA ANAYENYONYESHA

"Na mimi nikionja kidogo tu?" Ukiwa mjamzito, jibu ni hapana. Pombe hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, naye hana ini lililokomaa la kuisafisha. Inaweza kudhuru ubongo wake na ukuaji wake, na madhara hayo hudumu maisha yote. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama katika mimba. Kunusa harufu ya glasi hakutakudhuru, kwa hiyo ukialikwa, nusa, toa maoni yako, kisha uirudishe glasi mezani.

Ukinyonyesha, pombe iliyo katika damu yako huingia katika maziwa yako. Lililo salama zaidi ni kutokunywa. Ikiwa umeonja, kipimo kimoja kidogo huhitaji saa mbili hadi tatu kabla ya kunyonyesha, na vipimo viwili huhitaji muda maradufu. Kukamua na kumwaga maziwa hakuharakishi pombe kutoka. Ni muda tu unaoitoa. Na usilale kitanda kimoja na mtoto ukiwa umekunywa, kwa maana waweza kumlalia bila kujua.

Kwa mwanamke yeyote, mjamzito au la, fahamu kwamba pombe huongeza hatari ya saratani, ikiwamo ya matiti. Mwezi wa Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Bei ya chupa haibadilishi jambo hilo.

WISKI SI DAWA YA MTOTO

Zamani huko Ayalandi, kama kwingine, bibi walikuwa wakimpaka mtoto wiski kwenye fizi meno yanapoota. Hata leo mtu mzima mwenye mafua hupewa wiski ya moto yenye limau, karafuu na sukari. Bibi hao walimpenda mtoto kama wewe unavyompenda, ila hawakujua. Mtoto wa meno hulala kwa sababu amelewa. Maumivu hayajaondoka. Mpe kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi akitafune, au usugue fizi zake kwa kidole safi. Akiwa na homa kali, mpeleke kliniki. Usiseme ni meno tu.

CHUPA TUPU

Chupa ikiisha, usimpe kila anayeiulizia. Wako watu wanaonunua chupa za majina makubwa, wakatia humo pombe yao na kuziuza upya. Pombe hiyo yaweza kuwa na methanoli, kemikali ya viwandani inayopofusha na kuua. Hatujasahau Novemba 2000, ambapo zaidi ya watu 100 walikufa katika mitaa ya Mukuru, Nairobi, na wengine wakapofuka. Wala hatujasahau Mei 2014, ambapo makumi ya watu walikufa sehemu za Embu, Kitui na kwingineko. Hizo zilikuwa pombe za bei rahisi, lakini sumu hiyo hiyo ikitiwa ndani ya chupa ya kifahari huwezi kuijua kwa macho wala kwa harufu. Kwa hiyo bandua karatasi ya jina na uharibu kifuniko kabla ya kuitupa. Wala usitie humo mafuta taa. Mtoto aliyeizoea chupa hiyo ataiinua anywe.

Mtu aliyekunywa pombe akalalamika kwamba anaona ukungu, tumbo linamkata au anahema kwa nguvu, hata kama ni siku ya pili, akimbizwe hospitali. Matibabu yapo akiwahi.

NITAMWAMBIAJE BABA WATOTO?

Usiseme, "Ondoa takataka zako." Ni zawadi, na ni kitu anachokipenda. Mweleze kwamba wakusanyaji wenyewe huko Ayalandi hawaweki chupa juani wala kwenye joto. Mahali pazuri ni penye giza, baridi na kufuli. Hapo chupa inahifadhika, na mtoto pia anahifadhika. Ayalandi yenyewe ilipitisha sheria mwaka 2018, na tangu Novemba 2020 maduka yanayouza vyakula yanatakiwa kutenga pombe mbali na bidhaa nyingine, ili mtoto aliyefuatana na mama yake kununua mkate asiizoee. Ikiwa nchi ya wiski imeona heri kuificha duka lake, sisi tuna sababu gani ya kuiweka chini ya picha ya harusi?

KUMBUKA

- Chupa zote za pombe ziwe juu, ndani ya kabati lenye kufuli. Ufunguo usikae mlangoni.
- Glasi zimwagwe na kuoshwa usiku ule ule, kabla hujalala.
- Usimtume mtoto kumletea mtu chupa, wala kumwonjesha "kidogo tu".
- Mjamzito asinywe hata kidogo.
- Mtoto akinywa, mpe kitu chenye sukari kama yuko macho, kisha hospitali.

Basi mama, jioni ya leo kabla ya kulala, simama sebuleni upige magoti. Tazama kabati lako kwa kimo cha mtoto wako. Unachokiona wewe hapo ndicho anachokiona yeye, na unachoweza kukifikia ndicho atakachokifikia. Kiondoe leo.

Mweleze jirani yako uliyoyasikia. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Kwaheri.