Mnyoo Akikatwa Hawi Wawili

Mwaka huu sikuandikii habari za mapenzi wala za nidhamu shuleni, kwani wenzangu watazieleza vyema kunishinda. Mimi nitakueleza habari za mnyoo. Usicheke! Wahenga walisema usione ukadhani.

Sisi twakaa Kibarani, pale barabara inapokaribia kuingia kisiwani Mombasa. Ami yangu ni mvuvi wa mshipi. Siku za bamvua, maji yakishatoka, mimi na binamu yangu hushuka matopeni penye mikoko kumchimbia chambo. Sasa jembe halina macho, mara nyingi humkata mnyoo vipande viwili. Kipande cha kichwa tulikuwa twakitia koponi, cha mkia twakirudisha topeni tukisema, "Huyu ataota kichwa, tutamkuta mwezi ujao." Lakini kila mwezi chambo kilizidi kuadimika. Siku moja ami akatuuliza, "Wanangu, mbona mwarudi na kopo nusu?" Hatukuwa na jibu.

Ndipo nikaamua kufanya jaribio. Nilichukua nyungunyungu wawili waliokatwa na jembe mgombani, nikawaweka ndani ya chungu chenye udongo wa maji maji na majani makavu. Vipande vya nyuma vilijinyonganyonga siku chache, kisha vikaoza. Vipande vya mbele viliishi. Baada ya wiki kadhaa, pale palipokatwa palikuwa na kincha chembamba cheupe. Mkia ulikuwa unaota!

Je, hayo hutokeaje? Nyungunyungu na minyoo ya matopeni ni jamaa moja iitwayo anelida. Mwili wao umegawanyika pingili pingili kama muwa, na baina ya pingili na pingili mna ukuta mwembamba. Mnyoo akikatwa, misuli ya hapo hujikaza na kuziba, damu isimwagike yote. Kisha ngozi hutambaa na kufunika kidonda. Chini ya ngozi hiyo hukusanyika chembe hai nyingi zinazogawanyika upesi, zikafanya kinundu. Nyingine ni chembe zilizokwisha kuwa na kazi yake, nazo huiacha zikarudia utoto ili zijifunze kazi mpya. Neva inayopita tumboni husaidia kuongoza ujenzi huo. Mwisho pingili mpya huongezeka moja moja karibu na ncha ya mkia, kama vile mnyoo mchanga anavyokua.

Mbona basi mkia huota upesi na kichwa ni taabu? Kwa sababu kipande cha mbele kina kinywa na ubongo, kwa hivyo kinaendelea kula huku kikijijenga. Kipande cha nyuma hakina kinywa. Nyungunyungu akipoteza pingili chache tu za mbele, baadhi ya aina huweza kuziotesha. Lakini akikatwa katikati, nyuma ya ule ukanda mnene mwilini mwake, kile kipande cha mkia kwa kawaida hufa. Tena pengine hutokea ajabu: badala ya kichwa huota mkia wa pili! Maskini huyo ana mikia miwili na hana kinywa, basi hufa njaa.

Hata hivyo, minyoo yote si sawa. Yuko mnyoo mwembamba wa maji baridi aitwaye Lumbriculus ambaye kila kipande chake huweza kuwa mnyoo kamili. Mtaalamu Charles Bonnet wa Geneva aliikata minyoo ya namna hiyo tangu mwaka 1741 na kuiona ikiota upya. Ruba naye, ingawa ni wa jamaa hiyo hiyo, hawezi kuotesha pingili hata moja. Udugu si kufanana.

Katika matope ya mikoko ya pwani yetu huishi mnyoo aitwaye kitaalamu Marphysa mossambica, ambaye wavuvi humtumia kwa chambo. Sasa umeona kosa letu? Tulikuwa twachukua kile kipande chenye matumaini ya kupona na kurudisha kile cha kufa! Siku hizi tunafanya kinyume: mkia tunautia koponi, kichwa tunakirudisha taratibu na kukifunika tope, jua lisikikaushe. Ami alipoelezwa alicheka sana, akasema, "Kumbe shule si bure."

Lakini kupona kwataka mahali pa kupona. Kwa miaka mingi taka za mji zilitupwa hapa Kibarani, hadi jaa lilipofungwa mwaka 2018. Barabara ya zamani ya Makupa nayo iliuziba mkono wa bahari, na daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2022 lilijengwa ili maji yapite tena. Mnyoo ndiye anayechimbua tope na kuliingizia hewa, naye ni chakula cha samaki na ndege. Tukimtilia oili na plastiki, uhodari wake wa kuota mkia hautamfaa.

Basi mwenzangu, ukienda kuchimba, chimba kwa kiasi, na shimo ulifukie. Mimi naishia hapo. Kwaheri ya kuonana.