Nauli za basi London: peni kumi zinapomfikia abiria wa Thornton Heath

Abiria wa kwanza wa siku katika jiji la London si wale wanaoonekana kwenye picha za watalii. Ni wafagiaji wa maofisi, walinzi, wauguzi na wapishi, ambao huanza kujikusanya vituoni tangu saa kumi alfajiri. Wengi wao ni wahamiaji kutoka Afrika, Karibea, Asia Kusini na Amerika ya Kusini. Kwao, tangazo lolote la meya kwamba nauli ya basi itaongezeka kwa peni 10 ni jambo la kukaa chini na kupiga hesabu upya.

Thornton Heath, kitongoji kilichomo katika wilaya ya Croydon kusini mwa London, ni mahali panapofaa kulitazamia suala hili. Reli ya chini ya ardhi haifiki huko. Tramu zilizorejeshwa Croydon mwezi wa Mei mwaka 2000 hazipiti katikati yake. Kipo kituo cha treni, na treni ya kwenda Victoria au London Bridge huchukua takriban nusu saa, lakini nauli yake wakati wa msongamano wa asubuhi ni zaidi ya mara mbili ya ile ya basi. Kwa hiyo mwenye kipato kidogo hupanda basi la nambari 109 au 250 kuelekea Brixton, na kutoka huko hutafuta basi jingine la kumfikisha katikati ya jiji. Safari ambayo mwenye tiketi ya treni huimaliza kwa nusu saa, yeye huimaliza kwa saa moja au zaidi. Anachookoa kwa fedha anakilipa kwa usingizi.

Jinsi nauli ilivyopanda

Mwaka 2000 wakazi wa London walimchagua meya wao wa kwanza, Ken Livingstone, na likaundwa shirika la Transport for London, ambalo husimamia mabasi na reli za chini ya ardhi na kupanga nauli kwa maelekezo ya meya. Mwaka 2003 ikaanzishwa kadi ya Oyster, ambayo abiria huigusisha kwenye mashine badala ya kutoa fedha taslimu. Kuanzia hapo serikali ya jiji ikawa na nauli mbili, moja ya wenye kadi na nyingine, iliyo kubwa zaidi, ya wenye sarafu mkononi. Kufikia Januari 2007 aliyelipa taslimu alitozwa pauni 2, na mwenye kadi pauni 1. Lengo lilikuwa kuwasukuma watu waingie kwenye kadi, na walisukumika. Lakini katika kipindi hicho aliyeumia zaidi ni mgeni aliyefika juzi, ambaye hakuelewa kwa nini jirani yake aliyekaa kiti kimoja naye amelipa nusu.

Mwishoni mwa Septemba 2007 Livingstone aliteremsha nauli ya kadi hadi peni 90. Mrithi wake, Boris Johnson, aliirejesha kuwa pauni 1 mwezi wa Januari 2009, na mwaka mmoja baadaye akaifikisha pauni 1.20. Hiyo ilikuwa nyongeza ya asilimia 20 kwa mkupuo mmoja, wakati nchi ilikuwa bado inajikokota kutoka katika mtikisiko wa uchumi. Baada ya hapo nauli ikawa inapanda kila Januari kama kodi ya nyumba, hadi ikafika pauni 1.50 mwaka 2015.

Sadiq Khan, aliyeshinda umeya mwaka 2016, aliahidi kuzigandisha nauli zilizo chini ya mamlaka yake, akafanya hivyo kwa miaka minne. Transport for London lilikadiria kwamba ahadi hiyo ingeligharimu pauni milioni 640. Kisha ukaja ugonjwa wa Covid-19. Treni na mabasi yakatembea matupu, na shirika ambalo tegemeo lake kubwa lilikuwa nauli za abiria likajikuta halina fedha za kujiendesha. Serikali kuu ilikuwa imekwisha kuiondoa ruzuku yake ya kawaida ya uendeshaji mwaka 2018. Sasa ilitoa fedha za dharura, lakini kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba nauli zipandishwe. Basi nauli ikawa pauni 1.55 mwezi wa Machi 2021, pauni 1.65 Machi 2022, na pauni 1.75 Machi 2023. Mwaka 2024 na mwezi wa Machi 2025 nauli ya basi haikuguswa, ingawa ile ya treni za chini ya ardhi iliongezwa Machi 2025.

Kesi ya jirani

Mvutano huu una mizizi ya zamani, na sehemu ya mizizi hiyo imo jirani kabisa na Thornton Heath. Mwaka 1981 Livingstone huyo huyo, akiwa kiongozi wa Baraza la London Kuu, alipunguza nauli za mabasi na treni za jiji kwa wastani wa asilimia 32, pengo likazibwa kwa kodi za majengo zilizotozwa katika wilaya zote. Halmashauri ya Bromley, wilaya inayopakana na Croydon, ilikwenda mahakamani. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: Bromley haina kituo hata kimoja cha reli ya chini ya ardhi, sasa kwa nini wakazi wake wachangie nauli za wengine?

Mwezi wa Disemba mwaka huo majaji wa Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, waliipa Bromley ushindi. Mwezi wa Machi 1982 nauli zikapandishwa maradufu kwa siku moja. Majaji hawakusema kuwa nauli nafuu ni jambo baya. Walisema kwamba sheria ya wakati huo ililitaka shirika la usafiri liendeshwe kwa kuzingatia misingi ya biashara. Swali ambalo kesi ile ililiibua, la nani alipie kiti cha abiria kati ya abiria mwenyewe na mlipakodi, halijapata jibu la kudumu mpaka leo, na kila meya hulijibu kwa namna yake.

Dereva asiyegombana na mwanafunzi

Kwa msikilizaji wa Dar es Salaam au Nairobi, huenda jambo la ajabu zaidi katika mabasi ya London ni kwamba dereva hana maslahi yoyote katika nauli. Mabasi huendeshwa na makampuni binafsi, lakini makampuni hayo hulipwa na Transport for London kwa mkataba wa kuhudumia njia fulani. Nauli yote huenda kwa shirika. Hakuna hesabu ya kumpelekea tajiri jioni, hakuna kondakta anayening'inia mlangoni, wala hakuna sababu ya kulisubiri basi lijae.

Afrika Mashariki, nauli imeingia hadi katika majina ya magari yenyewe. Neno matatu huhusishwa na sarafu tatu za senti kumi zilizokuwa nauli ya awali mjini Nairobi, na daladala limetokana na dala, jina la mtaani la sarafu ya shilingi tano ambayo abiria wa Dar es Salaam alitoa. Majina yamebaki, bei zimekwenda. Nchini Tanzania Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ndiyo hutangaza kiwango cha juu cha nauli, na mwezi wa Disemba 2023 ile ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka shilingi 500 hadi 600. Nchini Kenya nauli nyingi za matatu hupangwa na soko, na kila mkazi wa Nairobi anajua kwamba soko hilo hubadilika mvua inapoanza kunyesha jioni.

Tofauti hiyo huonekana wazi zaidi kwa watoto. Ugomvi wa kondakta na mwanafunzi ni wa miaka mingi: mwanafunzi hulipa nauli ndogo, kwa hiyo huachwa kituoni. London imewapa watoto walio chini ya miaka 16 usafiri wa basi bila malipo tangu mwaka 2005, na tangu mwaka 2006 vijana wa miaka 16 na 17 walioko masomoni. Mzazi wa Thornton Heath mwenye watoto wanne wanaosoma hatozwi hata peni moja kwa safari zao za shule, na dereva hapati hasara kwa kuwapakia. Mwaka 2020, katika majadiliano ya fedha za dharura, serikali kuu ilitaka haki hiyo iondolewe. Meya alikataa, na sharti hilo likaachwa. Kwa familia kubwa, hilo pengine lilikuwa na uzito kuliko nyongeza zote tatu zilizofuata zikijumlishwa.

Hesabu ya mfukoni

Peni 10 ni nini? Mtu anayepanda basi mara mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, huongezewa pauni 1 kila wiki. Kutoka pauni 1.50 ya mwaka 2020 hadi pauni 1.75 ya mwaka 2023, nyongeza yake kwa wiki 48 za kazi ni pauni 120. Fedha hizo hazimfilisi mtu kwa siku moja, lakini kwa anayetuma fedha nyumbani kila mwezi, huwa ndizo zinazokatwa kwenye bahasha ya bibi.

Hata hivyo, haki inataka hesabu ipigwe kwa upande wa pili pia. Mwishoni mwa mwaka 2007, wakati nauli ilikuwa peni 90 na mshahara wa chini kisheria pauni 5.52 kwa saa, mfanyakazi wa kima cha chini alihitaji karibu dakika 10 za kazi kulipia safari moja. Mwanzoni mwa mwaka 2010 alihitaji zaidi ya dakika 12. Kufikia Aprili 2025, mshahara wa chini ukiwa pauni 12.21, alihitaji chini ya dakika 9. Kwa kipimo hicho nauli imekuwa nafuu, si ghali. Wanaolalamika hawasemi uongo, lakini kinachowabana zaidi ni kodi ya nyumba na bei ya chakula. Nauli inawakuta wakiwa tayari wamebanwa.

Upo pia mpango unaoitwa Hopper, ulioanzishwa Septemba 2016, ambao humruhusu abiria kubadili basi ndani ya saa moja bila kulipa tena. Tangu Januari 2018 anaweza kubadili mara nyingi apendavyo ndani ya saa hiyo. Kwa wakazi wa pembezoni mwa jiji mpango huu umekuwa msaada mkubwa. Lakini saa huanza kuhesabiwa mara tu kadi inapogusishwa kwenye basi la kwanza. Aliyekwama kwenye foleni ya magari Streatham, akafika Brixton dakika 61 baadaye, hulipa upya. Anayekaa mbali ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kuipita saa hiyo, na anayekaa mbali mara nyingi ndiye aliyesukumwa huko na bei za nyumba.

Chukua mfano wa mama mwenye kazi mbili, ya usafi alfajiri katikati ya jiji na ya kuhudumia wazee jioni karibu na hospitali ambayo wakazi wa Thornton Heath bado wanaiita Mayday, ingawa ilibadilishwa jina mwaka 2010. Akigusisha kadi mara nne au tano kwa siku, kikomo cha siku, ambacho tangu Machi 2023 kilikuwa pauni 5.25, humzuia kulipa zaidi ya safari tatu. Akifanya kazi siku sita, kikomo cha wiki, ambacho tangu Machi 2023 kilikuwa pauni 24.70, huanza kumsaidia. Hata hivyo, kwa kikomo hicho, wiki 48 zilimgharimu karibu pauni 1,186, na saa anazokaa ndani ya basi kati ya kazi moja na nyingine mara nyingi hazilipwi na mwajiri yeyote.

Wanaoachwa nje ya hesabu

Kipimo cha mshahara wa chini hakina maana kwa asiyeruhusiwa kufanya kazi. Katika wilaya hiyo hiyo ya Croydon limo jengo la Lunar House, linalojulikana na Waafrika Mashariki wengi waliowahi kuomba hifadhi au kuhangaikia makaratasi yao Uingereza. Mwombaji hifadhi aliyewekwa hotelini na kupewa chakula alikuwa akipokea pauni 8.86 kwa wiki kuanzia Januari 2024. Safari moja ya kwenda na kurudi kwa wakili, au msikitini, au kanisani, ilichukua pauni 3.50, yaani zaidi ya theluthi moja ya fedha zake zote za wiki. Wengi huamua kutembea.

Wazee nao waliguswa kwa njia nyingine. Wakazi wenye umri wa miaka 60 na zaidi husafiri bure, lakini tangu Juni 2020, kwa sharti lililotokana na fedha za dharura, kadi zao za uzee hazifanyi kazi asubuhi kabla ya saa tatu siku za kazi, na mwaka 2023 utaratibu huo ukafanywa wa kudumu. Mtunga sera huenda alimfikiria mstaafu anayekwenda kununua magazeti, ambaye anaweza kusubiri. Mfagiaji wa miaka 63 anayelipanda basi la 109 alfajiri hawezi kusubiri saa tatu. Kabla ya saa hiyo ofisi anayoisafisha imekwisha kujaa watu. Yeye hulipa nauli kamili.