Wanga wa Muhogo na Mifuko ya Nailoni

Ugali wa muhogo uliolala huwa mgumu, hata hukatika kwa kisu. Sababu ni nini? Wanga (siyo wale warukao usiku!) umefanyika kwa minyororo mirefu ya sukari, isiyoonekana kwa macho. Maji ya moto huilegeza ikatawanyika. Ikipoa hujipanga yenyewe, ubavu kwa ubavu, pasipo mtu wa kuipanga.

Kwa tabia hiyo waweza kutengeneza plastiki. Kuna muhogo, uukamue katika maji, na wanga utatuama chini. Uchemshe pamoja na gilisirini kidogo, ukikoroga mpaka ung'ae, kisha umimine juu ya kioo ukauke siku moja au mbili. Bila gilisirini utapasuka kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni, 2019 ilipokuwa bado mbali kuoza ile iliyokwisha kutupwa malishoni. Ng'ombe akiimeza hukwama tumboni, na huweza kumwua. Plastiki ya muhogo humeng'enywa kama chakula.

Kasoro yake si ndogo: ikilowa hulegea. Haifai kubebea samaki wabichi wa Geita. Kwa mbegu kavu yatosha.