Je, Wajua? Iulize Mashine Yenyewe

Je, wajua kwamba mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM waliitangaza SEQUEL, lugha ya kuuliza hifadhidata ambayo leo tunaiita SQL, na mwaka huohuo serikali ya Tanzania ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini? Leo kila simu ya Android inayouzwa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, Dar es Salaam, ina SQLite, hifadhidata ndogo ya SQL, ndani yake.

Je, wajua kwamba laptopu ya mtumba unayoshikishwa Kariakoo unaweza kuihoji kwa SQL kabla hujatoa hela? Windows ina WQL, tawi dogo la lugha hiyo, na huhitaji kuweka programu yoyote. Fungua PowerShell, andika:

Get-CimInstance -Query "SELECT Name, NumberOfCores FROM Win32_Processor"

Itakutajia prosesa na idadi ya kori zake. Kisha omba Capacity kutoka Win32_PhysicalMemory, nayo itakupa ujazo wa kila kadi ya memori kwa baiti: 8589934592 ni GB 8. Stika ya pembeni ya kibodi hubaki palepale hata vya ndani vikibadilishwa, kwa hiyo mnunuzi asione haya kuomba dakika mbili za kuuliza. Hela ya laptopu kwa wengi wetu ni akiba ya miezi.

Je, wajua kwamba umeme ukikatika usiku, PostgreSQL ya seva ya duka inajua ilianza tena kazi saa ngapi? Iulize SELECT pg_postmaster_start_time(). Kwa MySQL, SELECT VERSION(), @@hostname hutaja toleo na jina la mashine.

Je, wajua kwamba HOST_NAME() ya SQL Server hutaja kompyuta iliyotuma ombi, lakini programu inaweza kujaza jina lolote? Usimtuhumu keshia kwa ushahidi huo peke yake.

Na hili liwafikie wenye maduka yanayokesha, hasa tangu biashara ya saa 24 izinduliwe Kariakoo mwaka 2025: datetime('now') ya SQLite hutoa saa ya UTC, iliyo nyuma ya Dar es Salaam kwa saa 3. Mauzo ya saa saba usiku, Julai 2, yataandikwa saa 22:00 ya Julai 1, na hesabu za siku mbili zitachanganyika. Mwambie fundi aandike datetime('now', 'localtime') na ahakikishe mashine imewekwa majira ya Afrika Mashariki.