Mihimili ya Bawa: Kazi Yote Iko Kwenye Ncha



Tangu tuanze kuunda ile ndege yetu ya mbao, swali ninaloulizwa sana ni hili: zile fito mbili zinazotoka tumboni mwa ndege hadi chini ya bawa zina kazi gani, au ni urembo tu? Jamani, si urembo. Kama umewahi kupanda Cessna Caravan kutoka Wilson kwenda Mara, au kutoka Dar kwenda Unguja, mhimili kama huo umeuona dirishani, umekaa mshazari. Ndege yetu tumeiiga Piper J-3 Cub ya Marekani, iliyoundwa hadi 1947. Ile halisi ina upana wa mita 10.7 kutoka ncha ya bawa moja hadi ya pili. Yetu ni moja ya sita yake, yaani karibu mita 1.8, na ina uzito wa kilo 1.2.

Sasa tupige hesabu kidogo, watu wa sheria msikimbie. Hewani kila bawa linabeba nusu ya uzito, kilo 0.6. Mzigo huo ni kama umekaa sentimita 40 kutoka kwenye shina la bawa. Mihimili imeshika sentimita 50 kutoka hapo, na mguu wake uko sentimita 20 chini ya bawa. Kwa kuwa imelala mshazari, inalazimika kuvuta zaidi ili bawa lisikunjike kwenda juu. Jibu ni kilo 1.3 kila upande. Yaani mihimili ya upande mmoja inavutwa kuliko uzito wa ndege nzima! Ndege ikitoka kwenye mbizi kwa ghafla, zidisha hata kwa nne: kilo 5 na ushee.

Hata hivyo fito yenyewe haikatiki kirahisi. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba, na pembamba pa mhimili ni kwenye ncha, pale mti unapokutana na chuma. Hata ndege halisi ni hivyo hivyo. Mwaka 1993 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, iliwaagiza wenye ndege nyingi za Piper wakague mihimili, watafute kutu ndani yake na nyufa kwenye uma wa skrubu ulioko kwenye ncha.

Basi sisi tunafanya hivi. Mabawa ni ya balsa, lakini balsa ni laini mno kwa mihimili, kwa hiyo tunatumia msonobari wenye nyuzi zilizonyooka, usio na kifundo. Tunaupiga msasa mpaka mbele uwe mviringo na nyuma uwe mwembamba, upepo upite bila taabu. Kila ncha tunaichana kwa msumeno, tunaingiza kipande cha bati la shaba chenye matundu madogo ili gundi ya epoksi ipate pa kushika, kisha tunazungushia uzi na kuupaka gundi.

Upande wa bawa, usigandishe kitu kwenye ngozi ya nje, itabanduka. Weka kibao cha plaiwudi ngumu kati ya mbavu mbili, kishikane na boriti ya bawa. Tumboni, ukanda wa chuma upite moja kwa moja toka kushoto hadi kulia, ili pande mbili zivutane zenyewe badala ya kupasua mbao. Boliti ni za milimita 3, na nati zake ziwe zile zenye nailoni ndani, zisifunguke kwa mtetemo.

Kufunga kuna utaratibu wake. Urefu wa fito usiuamini mchoro peke yake. Funga mabawa, egemeza ncha zake kwenye vitabu vya kimo sawa, pima toka kila ncha hadi mkiani, vipimo vilingane. Hapo ndipo ukate. Mhimili wa mbele unabeba sehemu kubwa ya mzigo; wa nyuma unazuia bawa lisijipinde. Ukiwa mrefu upande mmoja na mfupi upande mwingine, ndege itaegemea upande mmoja kila mara.

Na vile vijiti vifupi katikati ya mhimili? Ndege ikitua kwa kishindo, mhimili unasukumwa badala ya kuvutwa, na fito ndefu nyembamba hubetuka. Kijiti kikiushika katikati, kila kipande kinakuwa nusu ya urefu, na uwezo wa kustahimili kubetuka unakuwa mara nne.

Mwisho ni jaribio. Tunaigeuza ndege tumbo juu, tunaegemeza kiwiliwili chake, na kupanga kilo mbili na nusu za mchele kwenye kila bawa, nyingi zikae karibu na shina. Hiyo ni mara nne ya uzito wake. Tunasikiliza kama kuna mlio, tunakagua kila ncha.

Hapo hatufanyi mzaha. Bawa likikunjika mezani, tumepoteza kazi ya majira mazima ya baridi na michango yenu. Likikunjika uwanjani, kilo nzima na ushee yenye mota na pangaboi inamwangukia mtoto wa watu. Kwa hiyo siku ya jaribio njooni na pakiti zenu za mchele. Ndege ikifaulu au ikishindwa, mchele utapikwa pilau.