Uzazi Bila Mtoto Mikononi: Yanayomfika Mama Baada ya Kumtoa Mwanawe Aasiliwe

Mama aliyejifungua mtoto atakayeasiliwa huingia arubaini kama mzazi mwingine yeyote. Tumbo la uzazi, ambalo siku ya kujifungua huwa na uzito wa kilo 1 hivi, hujikaza siku hadi siku na kurudi chini ya gramu 100 ifikapo wiki ya 6. Damu ya nifasi hutoka kwa wiki 4 hadi 6, ikianza nyekundu, ikigeuka kahawia, kisha nyeupe. Mshono, kama upo, huuma na kupona kwa mwendo wake uleule. Haya ni ya kila mzazi, na vitabu vya ukunga vimeyaeleza vya kutosha. Yanayomtenga mama huyu na wenzake ni mawili: maziwa yasiyo na wa kuyanyonya, na msiba ambao jamii haina desturi ya kuupokea.

Maziwa yasiyongoja mtoto

Matiti hayangoji mtoto azaliwe ndipo yaanze kazi. Tangu wiki ya 16 hivi ya ujauzito, seli zinazozunguka vifuko vidogo vilivyomo ndani ya titi huanza kutengeneza dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito yenye rangi ya manjano. Wakati huohuo homoni ya prolaktini, itokayo kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo, hupanda mwezi hata mwezi, hadi ikafikia mara 10 ya kiwango cha kawaida au zaidi. Kwa kiwango hicho maziwa yangekuwa yakibubujika mtoto akiwa bado tumboni. Kinachoyazuia ni kondo la nyuma. Kondo humwaga projesteroni katika damu ya mama, na projesteroni ikiwa juu, seli za titi haziwezi kuitikia kikamilifu wito wa prolaktini.

Kwa hiyo ruhusa ya maziwa kutoka huletwa na kutoka kwa kondo, wala haisubiri mdomo wa mtoto. Kondo likishatoka, projesteroni huporomoka na prolaktini hubaki juu bila mpinzani. Seli za titi huanza kutengeneza laktosi, sukari ya maziwa, kwa wingi. Laktosi huvuta maji, na mianya iliyokuwa kati ya seli na seli huzibwa ili kilichotengenezwa kisirudi kwenye damu. Kati ya siku ya 2 na ya 4 matiti hujaa, huwa mazito, ya moto na magumu. Hatua hizi hufuatana hivyo mtoto akiwepo au asiwepo. Mama aliyemkabidhi mtoto kwa afisa ustawi wa jamii siku ya 1 anaweza kuamka siku ya 3 gauni limelowa kifuani. Wakunga wanalijua jambo hili. Mara nyingi mama mwenyewe huwa hajaambiwa.

Kinachofuata ndicho cha ajabu zaidi. Baada ya siku hizo za mwanzo, uamuzi wa kuendelea au kuacha hutoka kwenye homoni za damu na kuingia ndani ya titi lenyewe. Mwenendo wake unafanana na ugemaji wa mnazi. Mgema hupanda asubuhi na jioni, hukata kipande chembamba kwenye ncha ya karara, kisha hutundika kibuyu. Mnazi unaogemwa hivyo kila siku hutoa tembo kila siku. Mgema akisafiri, jeraha hukauka na tembo hukatika, ingawa mti haujaugua na mizizi yake bado inavuta maji kama kawaida. Umeacha tu kutoa kisichochukuliwa. Mgema mwenye papara, anayepanda katikati ya mapumziko kuchungulia kama bado limo, akakata kidogo na kuonja, huwa ameuamsha mti aliotaka kuupumzisha. Titi nalo hutoa kadiri linavyochukuliwa: likikamuliwa lote hutengeneza mengi, likiachwa limejaa hupunguza. Tofauti ni kwamba mnazi hufungwa na jeraha lililokauka, ilhali titi hufungwa na maziwa yenyewe.

Maziwa yaliyotuama hubeba viambato vinavyozituliza seli zilizoyatengeneza. Serotonini, ambayo titi huitengeneza lenyewe, ni mojawapo. Juu ya hayo, kifuko kilichojaa hutanuka, na seli zake zikitanuliwa hupoteza umbo linaloziwezesha kuinasa prolaktini inayopita kwenye damu. Hali hiyo ikidumu siku kadhaa, seli nyingi za maziwa hufa kwa utaratibu maalumu, mabaki yake husafishwa, na nafasi yake huchukuliwa na mafuta. Udhibiti huu ni wa kila titi peke yake. Mama anayemnyonyesha mtoto titi la kulia tu hukaukiwa la kushoto, hali damu inayopita katika yote mawili ina prolaktini ileile. Ni ushahidi huo uliowaonyesha wanasayansi kwamba amri ya kusimama imo ndani ya titi.

Kanuni za kukausha maziwa zinatokana moja kwa moja na utaratibu huo. Mama hakamui ili kumaliza. Maumivu yakizidi, hutoa kiasi kidogo cha kulegeza mkazo, kisha huacha. Sidiria inayoshika vizuri bila kubana, kitambaa cha baridi, na dawa ya kawaida ya maumivu kama parasetamoli hutosha kwa wengi. Kufunga kifua kwa kanga iliyokazwa, desturi ambayo bado ipo, huongeza maumivu na huweza kuziba mirija. Maji ya moto ya kumkanda mzazi, ambayo pwani huhesabiwa kuwa haki yake, yaishie tumboni na mgongoni, kwani joto kifuani huyaita maziwa. Makali hupungua ndani ya siku chache na prolaktini hurudi chini katika wiki 2 hadi 3, ingawa matone yanaweza kuendelea kuonekana kwa wiki kadhaa. Titi likiwa jekundu na lenye joto, na mama akawa na homa, aende kituo cha afya. Daktari anaweza pia kutoa kabegolini, kidonge kinachoishusha prolaktini. Bromokriptini, dawa iliyokuwa ikitumika zamani, iliondolewa katika kazi hiyo nchini Marekani katikati ya miaka ya 1990 kwa sababu ya madhara kwenye mishipa ya damu na moyo.

Homoni nyingine, oksitosini, hukamua vifuko kwa kuikaza misuli midogo inayovizunguka. Huweza kuamshwa na sauti tu, na haichagui sauti ya nani. Mtoto wa mwingine akilia sokoni au ndani ya daladala, maziwa yanaweza kuchuruzika. Mama aliyeelezwa mapema huweka kitambaa ndani ya nguo. Asiyeelezwa hudhani mwili umeharibika au unamwadhibu.

Liko jambo la kimwili ambalo husahaulika. Kunyonyesha huchelewesha kurudi kwa uwezo wa kushika mimba, na asiyenyonyesha hana kinga hiyo. Yai linaweza kupevuka mapema kama siku ya 25 baada ya kujifungua, kabla hedhi ya kwanza haijaonekana. Ushauri wa uzazi wa mpango humfaa kabla ya wiki ya 3 kwisha.

Msiba usio na matanga

Siku ya 3 hadi ya 5, homoni za ujauzito zikiwa zimeshuka ghafla, wazazi wengi hulia bila sababu wanayoweza kuitaja. Kwa mama aliyemtoa mtoto, machozi hayo huja pamoja na maziwa, na sababu anayo. Hali hiyo ya siku chache hutofautiana na sonona ya baada ya kujifungua, inayompata mzazi 1 kati ya 10 au zaidi. Dalili za sonona hudumu zaidi ya wiki 2: kukosa usingizi hata palipo na utulivu, kukosa hamu ya kula, kujilaumu, kutamani kufa. Sonona hutibika, na mama asiye na mtoto mikononi anastahili kuulizwa maswali yaleyale anayoulizwa mwenye mtoto.

Huzuni yenyewe ni ya aina yake. Pauline Boss, mtafiti wa Marekani aliyeanza katika miaka ya 1970 na familia za wanajeshi waliopotea vitani Vietnam, alieleza upotevu wa mtu ambaye hayupo na hajafa. Kwa Kiswahili unafaa kuitwa msiba usio na matanga. Hakuna kaburi, hakuna anayekuja kukaa mkekani na mfiwa, hakuna siku ya kuanua tanga. Mwaka 1989 Kenneth Doka aliongeza upande wa jamii: ziko huzuni ambazo watu hawazitambui, na mwenye nazo hunyimwa hata ruhusa ya kuomboleza. Mama aliyemtoa mtoto aasiliwe huangukia pande zote mbili. Nyumbani huambiwa mambo yamekwisha, arudi shuleni au kazini, na jina la mtoto halitajwi tena.

Kunyamaziwa huko hakuimalizi huzuni. Mwaka 1984, Robin Winkler na Margaret van Keppel walichapisha uchunguzi wa wanawake 213 wa Australia waliowahi kutoa watoto. Kwa wengi hisia ya kupoteza haikuwa imefifia kwa miaka, na kwa sehemu kubwa ilikuwa imezidi. Wengi wa kizazi hicho walikuwa wasichana wasioolewa walioshinikizwa watie saini. Tarehe 21 Machi 2013, Waziri Mkuu Julia Gillard aliwaomba radhi kwa niaba ya taifa. Huzuni hurudi hasa siku ya kuzaliwa mtoto, mama anapozaa mtoto mwingine, na mtoto aliyetolewa anapofikia utu uzima.

Kinachosaidia kinajulikana. Katikati ya miaka ya 1980, Harold Grotevant na Ruth McRoy walianza kufuatilia familia 190 zilizoasili watoto na mama wazazi 169 nchini Marekani. Miaka 12 hadi 20 baada ya kujifungua, mama waliokuwa na mawasiliano ya wazi na familia iliyomlea mtoto walikuwa na huzuni nyepesi kuliko wale ambao habari zilikatika. Barua moja kwa mwaka na picha ya mtoto aliyevaa sare za shule ni dawa yenye nguvu.

Yanayobaki mwilini

Biolojia nayo ina neno juu ya kutengana huku. Wakati wa ujauzito, seli za mtoto huvuka kondo na kuingia katika damu ya mama, na baadhi yake hazitoki. Mwaka 1996 Diana Bianchi na wenzake walikuta seli zenye kromosomu Y, alama ya mtoto wa kiume, katika damu ya mwanamke aliyezaa mtoto wa kiume miaka 27 iliyokuwa imepita. Mwaka 2012 watafiti wa Seattle walichunguza ubongo wa wanawake 59 waliokwisha kufariki, na katika 37 kati yao walikuta chembe za urithi za kiume. Kazi ya seli hizi bado inachunguzwa. Kuwepo kwake ni jambo lililothibitika: hati ya mahakama huhamisha malezi na jina, nazo seli za mtoto huweza kukaa na mama hadi uzeeni.

Sheria, baba na miaka ijayo

Sheria nyingi zimeuzingatia mwili wa mzazi. Mkataba wa Hague wa 1993 unataka ridhaa ya mama itolewe baada ya mtoto kuzaliwa tu. Katika England na Wales, kwa sheria ya 2002, ridhaa ya mama iliyotolewa kabla mtoto hajafikisha wiki 6 haina nguvu. Kenya nayo haimruhusu mtoto kuasiliwa kabla ya umri wa wiki 6. Wiki 6 ni siku 42, jirani kabisa na arubaini: muda ambao homoni zimetulia na mama anaweza kuamua akiwa na nafsi yake.

Baba mzazi hana maziwa wala nifasi, lakini upotevu anao, na mara nyingi hata jina lake halikuandikwa. Naye aulizwe.

Wote wawili watarajie kwamba mtoto anaweza kuwatafuta. Scotland ilimruhusu mtu mzima aliyeasiliwa kukiona cheti chake cha kuzaliwa tangu 1930; England na Wales zilifuata kwa sheria ya 1975.

Kabla ya hayo yote kuna wiki 6 za kupita salama. Shirika la Afya Duniani linataka mzazi aonwe ndani ya saa 24, kisha kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena katika wiki ya 6. Mama huyu hukosa miadi hiyo kwa urahisi, kwa sababu kliniki imezoea kumpokea anayeleta mtoto kupimwa uzito, na nchini Kenya kijitabu cha kliniki ni kimoja kwa mama na mtoto. Kikienda na mtoto, mama hubaki bila rekodi. Kabla ya kuruhusiwa kutoka wodini apewe nakala ya kurasa zake na tarehe zake za kurudi. Na nyumbani apikiwe uji na apumzishwe kama mzazi, mpaka arubaini itimie.